Mshale wa Sitini

Gari lilikutwa saa tisa na robo alasiri, limelala ubavu chini ya kona ya kwanza baada ya daraja, matairi yake mapya yakiitazama barabara. Dereva alikuwa amekaa kwenye nyasi, mkono umevunjika, miwani bado iko puani. Mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Inspekta wa ajali, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alipima alama za matairi kwenye lami. Hakuwa na haja ya kurudia. Kona ile ilikuwa ya kilomita sitini kwa saa, na gari lilikuwa limeiingia kwa tisini.

"Ulikuwa na mwendo gani, Mwalimu?"

"Sitini."

Angejibu hivyo mtu mwingine yeyote, Inspekta angeguna tu na kuendelea na kazi. Lakini huyu alikuwa Mwalimu Sitini. Alifundisha udereva mpaka akastaafu, nusu ya mji ilijifunzia klachi mikononi mwake, Inspekta akiwemo, na hakuna aliyewahi kumwona akivuka sitini hata akimkimbiza mgonjwa. Watu walimtania kwamba konokono humpigia honi awapishe.

"Alama zinasema tisini, Mwalimu."

Mzee aliziangalia alama zile kwa muda. "Nilihisi miti inakwenda mbio. Mke wangu naye akasema, 'Leo una nini wewe?' Nikamwonyesha mshale uko sitini, akanyamaza. Nikajiambia gari limenyanyuliwa juu, matairi makubwa, linanguruma kama trekta, na masikio yangu ndiyo hayo. Maisha yangu yote nimefundisha kwamba macho yanadanganya, mshale haudanganyi." Akaigeukia ile shuka. "Nifungeni mkitaka. Ila mniambie kwanza, ni mimi niliyemuua au si mimi?"

Inspekta aliondoka na swali hilo. Habari ya kifungo aliiona ni ya hakimu.

Kesho yake asubuhi gari lilipandishwa kwenye jeki katika uwanja wa polisi, akaitwa Fundi. Yeye ndiye aliyelinyanyua, kwa sababu Mwalimu alitaka gari la kupanda hadi shambani kwake milimani. Alibadilisha transfa, yaani lile boksi linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, akaweka na propela shafti ndefu zaidi, ule mhimili unaopeleka nguvu hiyo magurudumuni.

"Ukigusa transfa na matairi bila kurekebisha spidomita, mshale lazima ukudanganye," alisema Fundi. "Hilo nalijua, afande, sikuanza kazi jana. Spidomita inazungushwa na kigia cha plastiki kilichochomekwa ubavuni mwa transfa. Meno yakiwa mengi, mshale unasoma kidogo. Nikaweka cha meno ishirini na sita, tukatoka kulijaribu, mimi na Mwalimu mwenyewe, simu inapima mwendo kwa setilaiti. Simu sitini, mshale sitini. Muulize."

Mwalimu alikuwa ameshaulizwa, na alisema hivyohivyo.

"Kitoe tukione."

Fundi alilegeza bolti moja tu, akakichomoa kigia. Alihesabu meno, akahesabu tena, uso ukamparama.

"Thelathini na tisa. Hiki si changu! Vyangu vyote natia nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Mke wangu kila siku ananigombeza kwa kumaliza chupa zake."

"Thelathini na tisa maana yake nini?"

"Maana yake gari likienda tisini, mshale unakwambia sitini."

"Gari lililala kwako usiku ule baada ya majaribio."

"Lililala."

"Na funguo unazo wewe peke yako."

"Ninazo." Fundi alijifuta jasho kwa kiwiko. "Afande, mimi na yule mzee tumegombana wapi?"

Mji haukungoja jibu la swali hilo. Kufikia adhuhuri ilishajulikana kila baraza kwamba Fundi ameua, na wateja wawili walikuja kuondoa magari yao gereji bila hata salamu.

Kilichomwokoa ni woga wake wa kusingiziwa. Kila gari lililotoka gereji kwake alilipiga picha dashibodi, mteja asije kudai limezungushwa mjini. Inspekta aliilinganisha picha ya gari la Mwalimu na kaunta ya kilomita ya gari lililoanguka. Tangu litoke gereji, kaunta ilikuwa imeongezeka thelathini na mbili.

Akapanda gari lake mwenyewe, akaifuata njia ileile. Kutoka gereji hadi nyumbani kwa Mwalimu, kilomita kumi na mbili. Kutoka nyumbani hadi kwenye kona, thelathini. Jumla arobaini na mbili.

Alisimamisha gari kando ya daraja akapiga hesabu. Kaunta huzungushwa na kigia kilekile cha mshale, kwa hiyo nayo ilipunja theluthi. Kama kigia kingebadilishwa gereji, safari yote ingepunjwa, na kaunta ingeonyesha ishirini na nane. Haikuonyesha ishirini na nane. Zile kumi na mbili za kwanza zilihesabiwa kamili, na zile thelathini za mwisho ndizo zilizopunjwa zikawa ishirini. Kigia kilibadilishwa nyumbani kwa Mwalimu.

Aliyelileta gari nyumbani asubuhi ile alikuwa shemeji yake Mwalimu, mdogo wa marehemu, muuzaji katika duka la spea. Inspekta alimkuta msibani, macho yamevimba. Katika nyumba nzima hakuna aliyelia kumzidi.

"Ulilifikisha saa ngapi?"

"Saa nne. Shemeji alikuwa amelala, dada yuko jikoni. Nikaliosha gari, nikanywa chai."

"Fundi anasema lilitoka kwake limeoshwa."

"Vumbi la njiani, afande. Chini kule."

"Uliosha chini ya gari?"

"Mimi nikiosha, naosha."

Inspekta alimpa pole, akaenda moja kwa moja kwenye duka la spea. Mwenye duka alikuwa peke yake. Aliulizwa kama ana kigia cha spidomita cha meno ishirini na sita.

"Una bahati, kimebaki kimoja," alisema akivuta droo. "Kijana wangu amekitia humu juzi. Kimetumika, lakini kizima kabisa."

Kilikuwa na nukta nyekundu. Mtu mwingine angekitupa mtaroni, lakini muuza spea hatupi kitu kizima. Mkono wake haukubali.

Jioni ya siku iliyofuata mazishi, Inspekta aliwakusanya sebuleni kwa Mwalimu. Mzee alikuwa na plasta hadi begani, shemeji amekaa kando yake, Fundi amesimama mlangoni. Inspekta aliweka kigia mezani, akaeleza habari ya kaunta, droo na nukta. Alieleza kwa utulivu uleule aliotumia kupima lami.

"Kila mtu anaweza kuwa na kigia," alisema shemeji.

"Chenye rangi ya kucha ya mke wangu?" aliuliza Fundi.

Shemeji yakamtoka yote kwa pamoja.

"Nilitaka apigwe faini moja tu! Moja! Aliniripoti kwa tajiri nikafukuzwa kwenye lori. Haya, kweli nilikuwa nakimbiza. Lakini kila tukikaa kula, 'Mimi sijawahi kupigwa faini.' Mbele ya wanangu! Nikasema ngoja, trafiki wa darajani watamsimamisha wamwonyeshe tisini yake, nasi tucheke. Ulikuwa mzaha."

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," alisema Fundi kwa sauti ya chini.

"Wako pale kila siku ya Mungu!" Shemeji alimgeukia Inspekta. "Siku ile walikuwa wapi?"

Inspekta alijua walikuwa wapi. Yeye ndiye aliyewahamishia mjini kuongoza msafara wa wageni. Aliona aibu, lakini alichosema ni kingine.

"Ulimwona dada yako akipanda?"

"Mlango nilimfungulia mimi," alisema shemeji, akainamisha kichwa hadi magotini.

Inspekta alimgeukia mzee. "Uliniuliza, Mwalimu. Si wewe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, mara moja tu, bila kuonyesha nafuu yoyote. Inspekta alipotoa pingu, mzee aliuinua mkono wake mzima.

"Humu ndani usimfunge, mwanangu. Mpeleke mpaka nje ya geti. Mama wa huyu na wa marehemu mke wangu yuko chumba hicho hapo, na hao wawili ndio watoto aliojaliwa. Mmoja tumemzika jana."

Inspekta alizirudisha pingu kiunoni. Mwalimu aliinuka kwa shida, akaukataa mkono wa Fundi, akaenda kugonga mlango wa chumba.

"Mama," aliita, "ni mimi, mkweo. Nifungulie."