Mkato wa Arobaini na Moja

Kilichoanza ni harufu. Ndizi mbivu, zilizopitiliza, ndani ya chumba cha maabara ambamo haijawahi kuingia ndizi hata moja. Humo mlikuwa na chupa tu, rafu kwa rafu, na ndani ya kila chupa miche ya migomba isiyozidi kidole, imesimama kwenye jeli ya sukari.

"Nani kala humu?" Pi-yun aliuliza.

"Mizimu. Si mwezi wa saba huu, wamefunguliwa mlango wa kuzimu, wako likizo?" Hui-ju, mwenzake wa meza moja, alicheka.

Pi-yun hakucheka. Rafu ya chini ilikuwa ya mgomba wa marehemu mumewe, Lo Chin-mu, aliouchagua mwenyewe shambani kwao Qishan kabla mnyauko haujamaliza shamba, na presha haijammaliza yeye akiwa na miaka thelathini na tisa. Mgomba ule haukubaki popote ila mle chupani. Kanuni ya maabara ni mikato kumi, yaani mche kukatwa na vipande kupandwa upya mara kumi, kisha chupa hutupwa, maana chembe hai huzeeka hata uzibembeleze vipi: miche huvia, majani hujikunja. Ya Chin-mu ilifika mkato wa arobaini na moja. Na katika kila mkato, mtu mmoja husoma kibandiko kwa sauti, mwenzake huandika, aina zisichanganyike. Wengine hubandika namba. Pi-yun alibandika jina kamili la mumewe.

Akainua chupa, akasoma. "Lo Chin-mu."

"Naam," chupa ikaitika.

Ilikuwa sauti ya kiume yenye kohozi, ya mzee wa miaka tisini anayeamshwa usingizini kwa mara isiyohesabika, na ilipokoma chupa za rafu nzima zikafanya ukungu kwa ndani, moja baada ya nyingine, kama vioo vinavyopumuliwa, hadi harufu ile ikawa nzito kooni, na Pi-yun, mwenye shahada mbili na asiyeamini hata ubani anaouwasha hekaluni, akajikuta amemng'ang'ania mwenzake mkono.

"Dada Yun," Hui-ju alinong'ona, "maiti haiitwi jina lake lote. Umemwita mara ngapi?"

Mganga wa hekalu, mama mnene mwenye ndara, alikuja akarusha sakafuni vipande vyake viwili vya mbao vya kupigia ramli, akavitazama vilivyolala.

"Amechoka. Kila akifika mlango wa kuzimu unamwita arudi. Anazeeka huko, mwanangu, na kufa hafi. Zichemshe chupa hizi."

"Nikizichemsha, mgomba wake umekwisha."

"Ulikwisha zamani. Umebaki wewe na kisu."

Wakazipakia kwenye jungu la mvuke. Pi-yun alikaza mfuniko mwenyewe. Harufu ikaondoka.

Chupa moja alikuwa ameificha mkobani.

Wiki nne baadaye, Hui-ju alipotoka kwenda kula, Pi-yun aliiweka mezani, akaunguza kisu kuua vijidudu. Mche ulikuwa mweupe, umejikunyata.

"Lo Chin-mu," alisoma polepole.

Alingoja hadi akadhani ameachwa kweli.

"Naam," ikajibu, kwa mbali.

"Ni mimi."

Kisha ile sauti kongwe ikauliza, kwa adabu zote anazofanyiwa mgeni:

"Wewe ni nani, mama?"