Maji ya Visima Arobaini na Kimoja

Inspekta Nyanchama alichovya karatasi ya kupimia klorini ndani ya chupa ya kumi na saba. Ikageuka zambarau, kama zile kumi na sita. Akaandika namba.

"Visima vya wakulima havitiwi klorini," alisema Karima, fundi wa maabara aliyewaita polisi. "Haya ni maji ya bomba la Toronto. Mtu amemwaga yetu."

Maji yaliyomwagwa yalitoka wilaya moja ya mashamba, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka maabara hii ya Don Mills, Toronto. Kampuni ilitaka kupasua miamba huko kwa maji ya shinikizo ili itoe gesi. Kesho asubuhi madiwani wangepiga kura kuikubali au kuikataa, na ripoti ya maabara walikuwa nayo: maji safi, hayana gesi.

"Ulishukuje?"

"Kisima cha kumi na mbili kilinuka nilipochota. Leo chupa yake hainuki kitu."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, mkubwa wetu Bwana Anwarali, na Methodius wa usafi."

Methodius, Mrundi wa makamo, aliegemea mlango. "Kitu kikiharibika, analaumiwa mfagiaji. Bujumbura hivyo, Kanada hivyo hivyo, afande."

"Jaza chupa hii bombani, kaka. Ifunge."

Alijaza. Inspekta akaipindua. Kiputo cha hewa kikubwa kama kunde kikapanda.

"Mke wangu anasema hata chupa ya chai inanishinda," alisema Methodius.

Inspekta alipindua zile ishirini na nne ambazo hazijafunguliwa. Hazikuwa na kiputo hata kimoja.

"Ndivyo tunavyojaza," alisema Karima taratibu. "Hewa ikiingia, gesi hutoroka majini. Aliyebadilisha anajua hilo."

Anwarali alipofika, mzee mpole mzaliwa wa Mwanza, Inspekta alimpa chupa tupu. Hakuuliza kwa nini. Aliacha maji yafurike, akabana kifuniko kwa upande, akaipindua, akaigonga kwa ukucha. Hakuna kiputo. Kisha akabaki anaitazama.

"Karima naye anaweza," alisema.

"Anaweza. Lakini yeye ndiye aliyetuita."

Mzee akakaa kitini.

"Ulipima kwanza?" aliuliza Inspekta.

"Nilipima. Gesi imo tayari, inapanda yenyewe kutoka chini. Kampuni ingesema, maji yenu yameshaharibika, mnalinda nini? Wale wakulima wamenikaribisha mezani kwao, Inspekta. Nilitaka wasichimbiwe."

"Na kisima cha kumi na mbili?"

Mzee aliiweka chupa mezani.

"Bwana Anwarali."

"Gesi nyingi sana. Kiberiti kimoja karibu na bomba kinatosha."

"Mwenyewe anajua?"

"Ningemwambia baada ya kura."

Karima aligeukia ukuta.

Nyanchama alipiga simu. Bibi mmoja, mwenye kisima hicho, akapokea. Inspekta akamwambia asiwashe jiko, atoke nje, zimamoto wa hukohuko wangekuja.

"Kwenye theluji hii, mwanangu? Yule mzee aliniambia maji yangu safi."

"Toka, mama. Tafadhali."

Ofisi ya madiwani ilikuwa imefungwa. Mashine ikapokea, akaacha ujumbe, asijue nani angeusikiliza, na lini.

"Ukituma maelezo yangu," alisema Anwarali, "kampuni itayasoma kwa sauti. Itasema wapinzani wote ni waongo."

"Najua."

"Usipotuma, watapigia kura maji ya bomba."

"Hilo pia najua. Nitatuma. Nitajie vipimo vya kweli, kisima kwa kisima."

Alitaja, naye akaandika. Kwenye kisima cha tisa mzee alisita, akarudi nyuma, akakosea cha saba.

"Karatasi nilizichana. Vingine sivikumbuki."

"Itabidi nikachote upya," alisema Karima. "Lakini nimepiga simu huko. Barabara ya kutoka Toronto imefungwa kwa theluji hadi kesho mchana."

"Kura ni saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

Nyanchama aliandika namba kumi chini ya tisa, akaacha nafasi mbele yake, akafunga daftari.