Pampu Iliyochemka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rukaiya alipita bustanini kwao, huko Goba, kumsalimia mtunza bustani.

"Shikamoo, Mzee Kasimiri."

"Marahaba, mkaguzi wangu. Nyasi zote zipo, hazijatoroka."

Vinyunyizio vilipojiwasha, wote wawili walikimbia kukwepa maji huku wakicheka.

Lakini leo ilikuwa siku ya tatu bila maji wala kicheko. Taima, kile kisaa kinachowasha pampu chenyewe, iliwasha pampu saa kumi na mbili kamili. Pampu ikanguruma kama mtu aliyeshiba pilau, vinyunyizio vikakohoa mara mbili, basi. Nyasi mpya za mteremkoni zilikuwa zimegeuka rangi ya bahasha ya kaki. Mzee Kasimiri alipanda na kushuka na ndoo mbili, magoti yakimlalamikia.

"Mzee Kasimiri, pampu hii niliikabidhi kwako," alisema Bwana Khalfani, baba yake Rukaiya. "Fundi anakuja jioni. Akisema imeharibiwa kwa uzembe, itabidi tuagane, mzee wangu."

"Sawa, baba," alijibu mzee, akainua ndoo zake.

Rukaiya aliondoka bila kuaga. Darasani aliulizwa mji mkuu wa Malawi, akajibu, "Koki."

Koki ndiyo iliyomkaa kichwani. Jumamosi bibi yake alimpa ukindu uliotiwa rangi, wa kusukia mkeka, akauanike kwenye kamba nyuma ya banda la kuku. Kamba ilikuwa mbali, uvivu ulikuwa karibu. Akautandaza kwenye nyasi. Alipokumbuka kwamba vinyunyizio vingejiwasha tena saa kumi jioni, akafunga koki kubwa ya bomba la bustani, akaingia ndani kutazama tamthilia.

Alipotoka, pampu ilikuwa inavuma vibaya, maji yakichemkia tumboni mwake. Aliigusa, ikamchoma kidole. Alifungua koki haraka, akazoa ukindu, akanyamaza kimya. Alitumaini pampu ingepoa na kusahau yaliyopita. Pampu hazina tabia hiyo.

Jioni alifika fundi Loveness kutoka Mbezi Luis, mwanamke mrefu mwenye mdomo usiopumzika.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

Alichungulia tangi la chini: limejaa. Alipima umeme: upo. Aliijaza pampu maji kwa jagi ili ianze kuvuta, ikavuta kidogo, ikaacha. Alizibua matundu ya vinyunyizio kwa sindano, kimoja kimoja. Wapi! Alilala kifudifudi akitafuta bomba linalovuja. Hakukuwa hata na tone.

Mwisho alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jamani, huyu mgonjwa kaniweza. Ningejua ugonjwa ulianzaje, ningejua pa kushika. Hakuna aliyeona kitu?"

"Jumamosi mie naondokaga saa nane," alisema Mzee Kasimiri. "Niliiacha nzima."

"Kila mtu huiacha nzima," alisema Bwana Khalfani.

Mzee alikwenda kwenye kibanda chake, akaanza kukunja koti lake la mvua na kulisukumia kwenye mfuko. Lilikuwa halitaki kuingia. Rukaiya alimtazama akilikunja upya, taratibu.

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka kabla hajajipanga. "Baba, ni mimi. Nilifunga koki, pampu ikawaka bila maji kupita. Ilichemka."

Loveness aliruka kutoka kwenye ndoo.

"Uliichemsha! Mdogo wangu, ulikuwa unapika nini? Nileteeni maji ya sabuni."

Alipaka povu kwenye kiungio cha plastiki, pale bomba la kutoka kwenye tangi linapoingia kwenye pampu. Akaijaza pampu tena, akaiwasha. Povu likafyonzwa ndani, fyuu!

"Mmeona? Joto limelegeza plastiki. Haivujishi maji nje, inanyonya hewa. Pampu inakunywa upepo! Ningetafuta hapa hadi mwaka kesho."

Alikata kiungio kile, akaweka cha chuma. Alipowasha pampu, vinyunyizio vilikohoa, vikatema tope, kisha maji yakapaa hadi ukutani.

Rukaiya alimwendea Mzee Kasimiri. "Nisamehe, babu."

Mzee alimjibu, "Nimekusamehe. Lakini siku tatu hizi nilikuwa najiuliza, labda kweli ni mie. Labda uzee umenifanya niguse kitu nikasahau. Ningerudi kwetu Newala nikiamini akili yangu imeanza kuniacha."

Rukaiya alikuwa amejiandaa kwa bakora. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa, akalia.

Bwana Khalfani alivua kofia. "Mzee wangu, nami nakuomba radhi. Nilikuhukumu kabla sijajua." Kisha akamgeukia binti yake. "Kufunga koki ni kosa la mtoto, fundi amelirekebisha kwa saa moja. Ila ulipokaa kimya, ulimpa mtu mwingine mzigo wa kosa lako, naye akaubeba hadi akaanza kujitilia shaka. Ukikosea, sema siku ileile, mwanangu, hata ukitetemeka."

"Ndiyo, baba."

Mzee Kasimiri alikuwa tayari ameingia kibandani. Alilitoa koti lake kwenye mfuko, akalikung'uta, akalitundika tena kwenye msumari.