Jina la Duncan Kwenye Jiwe

Asubuhi Ochoki alikama ng'ombe, akachuma majani ya chai kidogo, kisha akafungua karakana yake ya kuchonga mawe sokoni Nyamarambe. Siku hizi hakuimba kazini. Mwanawe Duncan alikuwa amezikwa kando ya migomba, na kaburi bado halikuwa na jina.

Tangu ujana Ochoki alichonga kwa kisu jiwe laini linalochimbwa Tabaka. Kwanza aliliroweka majini, kama wachongaji wenzake. Sasa alikuwa na mashine ya umeme ya kuchonga herufi, lakini mashine haijui mazoea ya mtu. Alichukua jiwe ambalo Duncan mwenyewe alikuwa amelichimba. Akaliroweka, akawasha mashine.

Herufi zilitoka vibaya. Kingo zilimeguka, na ndani mlijaa tope gumu.

Mkewe Abigael alipoteza macho ukubwani. Herufi za jiwe huzisoma kwa vidole. Alipapasa, akarudia.

"Baba Duncan, hapa umeandika nini?"

Ochoki aligeuza jiwe, akatazama upande wa pili. Moyo ulimuuma sana. Jiwe lilikuwa limebakisha upande mmoja tu, na lingine lililochimbwa kwa mkono wa Duncan halikuwepo.

Akamwita Joyline, jirani anayetengeneza mashine za kuchonga mjini Kisii.

"Tata, uliliroweka?" Joyline aliuliza, akimwita baba kwa Kigusii.

"Ndiyo. Si ndivyo tunafanyanga?"

"Kwa kisu ni sawa. Kwa hii mashine, unga wa jiwe ukilowa unakuwa tope. Tope linaziba ncha ya kukatia, halafu ncha inararua jiwe badala ya kulikata. Liache likauke kabisa." Akachomoa ncha, akaijaribu kwenye ukucha. "Hii nayo ni butu. Weka mpya. Libane jiwe lisitikisike. Usichimbe kina chote mara moja, pitisha kidogo kidogo. Mwisho pitisha tena, ukikwangua kidogo sana."

"Na vumbi?"

"Livute na mashine ya kufyonza, na uvae maski. Linaharibu mapafu. Halafu jaribu kwanza kwa kipande kingine."

Jiwe lilikaa kivulini hadi likakauka. Ochoki alijaribu kwenye kipande kibovu, kisha akageuza jiwe na kufanya kama alivyoambiwa. Herufi zilitoka safi, kingo zimenyooka.

Abigael alipapasa mpaka herufi ya mwisho. Mkono ukabaki hapo.

"Duncan," alisema.

Tangu mazishi hakuwa amelia. Sasa alilia, na Ochoki akaketi chini kando yake, akalia naye.