Ngata Chini ya Sabufa

Kwandu hakuwa na baiskeli, hakuwa na simu, hakuwa na dada wa kumsuka nywele, wala begi lisilo na kiraka. Alikuwa na Lucy, na kwa Lucy hakuficha kitu.

Kila jioni wawili hao wakishachota maji walisikiliza muziki kwa akina Kwandu, pale Bariadi. Sabufa ya baba ilikaa juu ya kabati la vyombo, na besi ikipiga ilikoroma kama ng'ombe mwenye kikohozi. Fundi alisema spika imekufa. Siku moja Kwandu aliweka kiganja juu ya kabati, akahisi mbao zikitetemeka na sahani zikigongana. Akatwaa ngata yake ya kubebea ndoo kichwani, iliyojazwa pamba, akaitandika chini ya sabufa. Muziki ukatoka safi.

"Kumbe kinachokoroma ni kabati!" Lucy alicheka.

"Usimwambie mtu. Nitaipeleka kwenye maonyesho ya sayansi." Maonyesho yalikuwa Lamadi, na shuleni angechaguliwa mmoja tu kwenda.

Jumatatu Lucy alikuja mbio. "Niazime ngata, shoga. Yetu imechanika." Akapewa.

Ijumaa Mwalimu Wilhelmina aliingia darasani akitabasamu. "Lucy ameniletea wazo zuri. Jina lake nimekwisha kulipeleka Lamadi. Leo atatuonyesha."

Lucy akaingiza sabufa ya kwao katika kabati la vitabu lenye milango ya vioo. Chini yake akaweka ngata. Kwandu aliitambua: ilikuwa yake.

"Sabufa nayo inakwenda kisimani!" Josia alitania. Darasa likacheka.

Lucy akawasha. Vioo vikalia zizizi.

"Mbona bado?" Mwalimu aliuliza.

Lucy akamtafuta Kwandu kwa macho, kama siku za mtihani alipokosa jibu. Safari hii Kwandu alisimama.

"Ubavu wa sabufa umegusa kabati, Mwalimu. Mtetemo umepata njia nyingine."

Sabufa ikasogezwa. Vioo vikanyamaza.

"Wewe umejuaje?"

"Ngata ni yangu. Mwulize aliiazima ya nini."

"Nilisema ya maji," Lucy alinong'ona, machozi yakimtoka.

"Ungeniomba tufanye wote," Kwandu alisema, "ningekubali."

Mwalimu alizima muziki. "Chombo kizima kikikaa pabaya hukoroma. Sifa yako, Lucy, umeikalisha juu ya uongo. Chukua kalamu, uwaeleze Lamadi kazi hii ni ya nani."

Lucy aliandika, akakunja karatasi, akamtazama rafiki yake. Kwandu alikuwa akikung'uta ngata yake, hakuinua uso. Lucy akalamba bahasha, akaifunga, akaipeleka mwenyewe stendi, mkononi mwa kondakta wa basi la Lamadi.