Magome Kwenye Pindo la Kanga

Kila asubuhi Kazija alivuka daraja kutoka Ng'ambo, akabisha hodi nyumbani kwa Bwana Hashil huko Mkunazini, akateka maji kisimani. Tamima, binti wa nyumba hiyo, alimsubiri bustanini. Kazija huteka, Tamima humwagilia mti wao. Kisha hao, wakaongozana chuoni kusoma Kurani.

Mti wenyewe haukuzaa kitu cha kuliwa. Ami yake Tamima aliuleta kutoka Bombay ukiwa mche ndani ya debe, akasema hupandwa kwa uzuri wa shina lake tu. Mjini hawakuujua mwingine wa namna ile. Wasichana wale waliulea miaka mitatu, hata ukawapita kimo.

Siku moja Kazija alikuta vipande vya gome vimetapakaa chini, vingine vinaning'inia shinani. Moyo ulimruka. Mti unakufa! Badala ya kumwita mtu, aliokota vipande vitatu, akavifunga kwenye pindo la kanga ampelekee bibi yake, Bi Mwatima, aliyeuza mizizi na magome ya dawa sokoni. Bibi angeujua ugonjwa wake.

Mara Tamima akatokea. Akautazama mti, akalitazama pindo.

"Umefunga nini humo?"

Kazija alibabaika. "Si kitu."

Tamima alilifungua pindo mwenyewe. "Mama! Njoo umwone Kazija! Kaubambua mti wangu, bibi yake akauze!"

Mti wangu! Neno hilo lilimchoma Kazija kuliko kuitwa mwizi. Miaka mitatu ulikuwa mti wetu, leo umekuwa wa mwenye nyumba.

"Wallahi nimevikuta chini!" alilia.

"Mbona umesema si kitu?" aliuliza Bi Shariffa, mama yake Tamima, aliyewasikia tangu mlangoni. "Nenda zako. Usinikanyagie tena bustani yangu, na dawa za bibi yako hazitaingia humu."

Kazija alilia njia nzima. Alimweleza bibi yake yote, hata ule uongo wake. Bi Mwatima alilipapasa gome, akajitanda kanga. "Twende."

Walibisha hodi Mkunazini, na Bi Shariffa, kwa heshima ya mtu mzima, akawaacha waingie bustanini.

"Shikamoo, Bibi," alisema Tamima bila kuinua uso.

"Marahaba. Hebu pitisha kidole hapo shinani. Kuna utomvu? Kuna alama ya kisu?"

Tamima alipapasa. Chini ya gome kuukuu palikuwa pakavu, laini, rangi ya hina iliyofifia. "Hapana, Bibi."

"Nnabambua magome tangu mama yako hajazaliwa. Kisu huacha kidonda. Mti huu unajivua wenyewe." Aligusa kipande kilichoning'inia, nacho kikaanguka. "Na huo ndio uzuri aliousema ami yako."

Bi Shariffa aliona haya. "Niwie radhi, Bi Mwatima. Nimekukosea wewe na mjukuu wako."

"Nshakusamehe. Lakini nyinyi watoto, nisikilizeni. Wewe Kazija, uliloliona ungelisema palepale. Kuficha kwako ndiko kulikokutia mashakani. Nawe Tamima, mwenzio wa miaka mitatu alistahili kuulizwa na kusikilizwa kabla ya kuitwa mwizi."

Tamima alibubujikwa machozi. "Nisamehe, Kazija. Mti ni wetu."

Bado moyo ulikuwa unamuuma Kazija. Kisha akainama, akaiokota ndoo, akampa.

"Kama ni wetu," alisema, "leo kateke wewe. Mimi nitamwagilia."