Ukumbi wa Mtu Mmoja

Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi, Mama Katibu alifungua ukumbi. Alifagia sakafu kutoka jukwaani hadi mlangoni. Alipangusa madirisha yote manane. Kisha alipanga viti sitini, safu sita za viti kumi kumi. Akimaliza, alisimama nyuma na kufumba jicho moja, aone kama safu zimenyooka. Safu ikipinda kidogo tu, aliinyoosha.

Baada ya hapo alichemsha chai kwenye birika kubwa, akakaa, akangoja watu.

Ukumbi huu haukuwa wa serikali wala wa tajiri. Wakazi waliujenga zamani kwa matofali waliyoyafyatua wenyewe. Uliendeshwa kwa kujitolea, yaani hapakuwa na mtu aliyelipwa mshahara. Kamati ilikuwa ya watu saba, na mwenyekiti alikuwa mume wa Mama Katibu. Mumewe alifariki. Wengine walihama, wengine walichoka. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu afiwe, na kamati nzima ilikuwa mtu mmoja.

Jumamosi moja aliitisha mkutano wa wanachama. Alibandika tangazo mlangoni pa ukumbi, na jingine mlangoni pa duka la nyama ng'ambo ya barabara, kama alivyofanya siku zote. Mkutano ulikuwa saa nne. Saa nne ikafika, saa nne na nusu ikapita. Walikuja watu watatu. Wawili walikuwa wanawake washonaji, ambao walishona humo kila Jumatano. Wa tatu alikuwa mzee aliyedhani kuna chanjo. Alipoambiwa hakuna sindano, alifurahi, akanywa vikombe viwili vya chai, akaenda zake.

Mama Katibu aliwasomea washonaji barua ya halmashauri. Paa la ukumbi lilikuwa limeoza upande wa jukwaa, na mabati yangeweza kuangukia watu. Litengenezwe kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na kamati ya watu saba itie saini. La sivyo, ukumbi utafungwa na kugeuzwa ghala.

Washonaji walisikitika. Walisema pole. Kisha wakaondoka, na Mama Katibu akakusanya viti sitini, hamsini na saba kati yake havijakaliwa.

Nyumbani aliishi na mkwe wake, mke wa mwanawe. Mwanawe alikuwa dereva wa lori na alirudi mara moja kwa miezi miwili. Mkwe alikuwa karani wa ghala na alitoka kazini saa nane mchana, ila Jumamosi hakwenda kazini. Wanawake hawa wawili waliheshimiana sana, na hawakuwa na la kuzungumza. Mama Katibu alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, alifunga milango mwenyewe. Jioni hiyo mkwe aliuliza habari za mkutano. Mama Katibu akasema ulikuwa mzuri. Kila mmoja akala akitazama sahani yake.

Mama Katibu hakumwambia mtu alichokuwa akiogopa. Hakuogopa ghala. Aliogopa Jumamosi. Ukumbi ukifungwa, hapatakuwa na mahali popote duniani pa kumngoja mtu, hata kama ni mzee wa chanjo.

Jumatano alikuja fundi wa paa. Alikuwa mrefu sana, na watu walimwita Ngazi. Alisema jina hilo limemwokolea pesa za kununua ngazi ya pili. Alipanda, akapima, akashuka na kusema yanahitajika mabati kumi na sita.

Wakati huo washonaji walikuwa wanamaliza kazi. Mmoja alichukua ufagio afagie nyuzi zilizoanguka. Mama Katibu akauchukua mkononi mwake kwa upole, akamwambia akae apumzike. Mwingine alirudisha benchi ukutani. Mama Katibu akalisogeza tena, upana wa kiganja tu.

Fundi aliona yote hayo.

"Mama," alisema washonaji walipokwisha kutoka, "hawa ni wageni?"

"Wageni? Hawa ni wanachama tangu mwanzo."

"Mbona unawaweka kama wageni? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelilalia miaka kumi na mmoja."

"Fundi, nimekuita upime paa. Sikukuita unipime mimi."

Fundi alicheka, akaketi kwenye kipandio cha chini cha ngazi yake. Akamweleza kwamba hata mtaani kwake kuna ukumbi wa namna hii, naye yumo katika kamati. Ukumbi huo ulikufa mara mbili. Mara ya kwanza walimtafuta mfadhili tajiri. Tajiri alitoa mara moja, akapigwa picha, akasahau. Mara ya pili walitangaza kwamba kila mtu asaidie ukumbi. Kila mtu akamtazama jirani yake.

"Ukimwambia mtu saidia ukumbi, hajui aanzie wapi," alisema. "Mwambie alete bati moja na jirani zake wawili. Au aje Jumamosi ashike ngazi. Hapo anajua. Mtu mmoja, kitu kimoja, siku moja. Na umwombe uso kwa uso. Karatasi haina macho, mama. Mtu huipita bila haya."

"Na akishafanya?"

"Mwambie asante, kisha weka mikono mfukoni. Hata kama amefanya kombo. Ukiirudia kazi yake mbele yake, umemwambia asirudi."

Aliongeza kwamba ukumbi wenye watu kila siku hujilipia rangi wenyewe. Kwao kwaya hulipa kidogo kwa kufanya mazoezi, na wenye harusi hulipa zaidi. Lakini watu ndio huanza. Fedha hufuata nyuma.

Mama Katibu hakulala vizuri. Alikuwa amezoea kulaumu watu wa siku hizi. Sasa alijaribu kumkumbuka mtu mmoja ambaye yeye aliwahi kumwomba kitu, na mtu huyo akakataa. Hakumpata. Hakuwa amemwomba mtu yeyote.

Njia nzima ya kutoka sokoni kesho yake alijifunza sentensi moja. Jioni, mezani, akaisema.

"Mkwe wangu, Jumamosi nataka kupita nyumba kwa nyumba. Naomba uje nami uandike majina. Utaweza?"

Mkwe aliweka kijiko chini.

"Naweza, mama," alisema. "Lakini nikiandika, utaandika tena?"

Mama Katibu alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Mkwe akaeleza taratibu, bila hasira. Mwezi wake wa kwanza katika nyumba hii aliosha vikombe vyote na kuvipanga kabatini. Alfajiri akiwa kitandani alisikia vikipangwa upya, kimoja kimoja. Tangu siku ile, miaka minne, alikaa humu kama abiria anayengoja gari.

"Sitaandika tena," alisema Mama Katibu.

Usiku huo vikombe viliwekwa na mkwe. Vya chai vilichanganyika na vya maji. Mama Katibu aliviona, akazima taa.

Jumamosi walipita nyumba nane kabla ya saa sita. Haikuwa rahisi. Nyumba moja iliwafungia mlango. Nyingine iliahidi ahadi ya mdomo tu. Lakini tano zilikubali kuungana na jirani zao kwa bati moja moja, na mpaka rangi mmoja alisema hana pesa ila Jumamosi yake anaitoa. Mkwe aliandika kila neno. Kisha wakafika duka la nyama.

Muuza nyama alikuwa mtu mzito, mkimya. Kwa miaka mingi Mama Katibu alikuwa hamsalimii ila kwa kichwa. Alimwona mwenye dharau, kwa sababu alikaa chini ya matangazo yake yote na hakuja hata kwenye mkutano mmoja.

"Nasikia ukumbi wako unavuja," alisema muuza nyama.

"Si wangu. Ni wetu."

"Wetu tangu lini? Mimi sijaitwa hata siku moja."

"Hujaitwa? Matangazo yote nayabandika hapa mlangoni pako."

Muuza nyama alitazama karatasi iliyoning'inia karibu na bega lake. Akafuta kisu upande mmoja, akafuta upande wa pili.

"Karatasi nimeziona," alisema polepole. Kisha akasema ana wateja. Dukani hamkuwa na mteja hata mmoja.

Mama Katibu aligeuka aondoke. Mkwe hakuondoka.

"Baba," alimwambia muuza nyama, "tunatafuta mtu wa hesabu. Kila bati likifika, idadi iandikwe ubaoni nje ya ukumbi, watu waone kilichoingia na kilichotumika. Majina nitaandika mimi. Tarakimu tunakuomba wewe."

Muuza nyama alifikiri. "Tarakimu siziogopi," alisema. "Mizani hii nimekaa nayo miaka ishirini. Na mtu akila bati la watu, nitamwona."

Barabarani Mama Katibu alinung'unika. Aliuliza kwa nini kazi kubwa namna ile apewe mtu mwenye dharau, tena asiyewaamini.

"Kama yeye hatuamini, ni vizuri ahesabu yeye. Akisema hesabu ni safi, wote wataamini," alisema mkwe. Akapunguza sauti. "Na hana dharau, mama. Hajui kusoma."

Mama Katibu alisimama katikati ya barabara hadi mwendesha baiskeli akampigia kengele. Alifikiria miaka yote ile, karatasi juu ya karatasi, gundi juu ya gundi. Mlango ule ulikuwa hatua ishirini kutoka ukumbini. Hakuna siku aliyouingia akasema neno kwa mdomo.

Mabati kumi na sita yalipatikana kwa siku kumi na tisa. Kila jioni muuza nyama alivuka barabara na chaki, akafuta tarakimu ya jana, akaandika ya leo. Watu walisimama kutazama. Waliokuwa wamefunga milango walianza kuulizana nani bado. Fundi Ngazi alifanya kazi kwa nusu ya malipo, na watu ishirini na wanne walikuja kumsaidia Jumamosi mbili. Chai ilichemshwa na vijana wa mpaka rangi, ikawa chungu kama dawa. Viti vilipangwa kama meno ya mzee. Mama Katibu alikaa kwenye benchi, mikono ameibana katikati ya magoti, akasema asante mara nyingi.

Siku ya kusaini barua walijitokeza watu tisa, wawili zaidi ya waliotakiwa. Mkwe alileta kidau cha wino. Alisema kalamu yake imekauka, basi wote watie dole gumba. Wakatia wote tisa, mwalimu wa shule akiwa wa kwanza, muuza nyama akiwa wa sita. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kalamu ya mkwe ilikuwa nzima, ndani ya mkoba.

Halmashauri ilikubali. Ukumbi haukufungwa. Washonaji walileta wenzao wanne. Kwaya ilikodi Alhamisi, na harusi ya kwanza ililipia rangi ya kuta. Mwalimu alianza darasa la kusoma la watu wazima kila Jumanne saa kumi. Kila siku ilikuwa na mtu wake wa kufungua na wa kufagia, na mkwe ndiye aliyetunza orodha.

Na Mama Katibu? Jumamosi ya zamu yake ilikuwa moja kwa mwezi. Siku nyingine alikaa nyumbani. Kutoka dirishani alisikia kwaya ikikosea na kurudia, na watu wakicheka kitu asichokijua. Hakuna aliyekuja kumuuliza ufagio uko wapi. Aliufurahia ukumbi kwa moyo wake wote. Lakini zamani alikuwa mpweke kwa kuwa ukumbi ulikuwa mtupu, na sasa alikuwa mpweke kwa kuwa umejaa. Hilo fundi hakuwa amemwambia.

Jioni moja mtu alibisha hodi. Alikuwa muuza nyama, bila aproni, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama Katibu karibu asimtambue. Alimkaribisha kiti. Muuza nyama hakuketi.

"Nimeanza darasa la Jumanne," alisema. "Wiki mbili nimekaa nyuma. Vijana wanamaliza mstari, mimi bado natafuta mwanzo wake. Nimekuja kukuomba kitu kimoja, siku moja. Jumanne ukae kando yangu."

"Nitakaa."

"Na nikikwama, usinisomee."

Mama Katibu alijibu kwamba hilo ndilo gumu, lakini atajaribu.

Jumanne walikaa benchi la nyuma. Mwalimu alikuwa ubaoni, kijana mmoja alikuwa anakohoa, mtu mwingine aliangusha penseli. Muuza nyama alifungua kitabu. Kidole chake kilikuwa kinene, na kovu la kisu kwenye ncha. Alikiweka chini ya neno.

"M," alisema. "Ku."

Akakwama. Mama Katibu alilijua neno lile. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wake, na kinywa kilikwisha kufunguka. Akakifunga. Akaiweka mikono chini ya meza, akangoja. Alingoja muda mrefu, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuwa anangoja peke yake.

"Li," alisema muuza nyama. "Ma."

Alirudi mwanzo, akapita juu ya neno zima kwa kidole.

"Mkulima."

Hakumtazama Mama Katibu. Alilowesha kidole kwa ulimi, akaigeuza karatasi mwenyewe.